Kinga ya maambukizi ya njia ya hewa kwa wahudumu wa afya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia katika kila mafunzo kazini. Mengine huulizwa mbele ya wote, mengine huja baadaye koridoni, msimamizi akishaondoka, na hayo ya koridoni ndiyo mazito zaidi. Majibu yanawahusu wauguzi, madaktari, watu wa maabara, wa mapokezi, wasafishaji na wanafunzi walioko kwenye mazoezi.

## Mambo ya msingi

Ugonjwa wa njia ya hewa ni upi, na kwa nini unatenganishwa na mengine?

Ni ule ambao vimelea vyake husafiri ndani ya chembechembe ndogo mno zinazotoka mtu anapokohoa, anapoongea, anapoimba au hata anapopumua tu, kisha zikabaki zinaelea. Kifua kikuu ndiyo mfano mkuu. Surua na tetekuwanga zimo, na UVIKO-19 pia. Tone kubwa la mate huanguka chini ndani ya sekunde chache, lakini chembe ya mikroni 1 hadi 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) inaweza kuelea kwa saa kadhaa. Ikivutwa, inapenya hadi kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu, na huko ndiko bakteria wa kifua kikuu anakoanzia kazi yake.

Kwa hiyo kunawa mikono, kufuta vitanda na kuvaa glavu, ingawa ni lazima kwa sababu nyingine, havimkingi mtu na kifua kikuu. Hewa ya chumba ndiyo ya kushughulikiwa. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka, yaani unaweza kuambukizwa na mtu ambaye hukukutana naye kabisa.

Si inatosha nikikaa mita moja au mbili kutoka kwa mgonjwa?

Umbali unasaidia, kwa sababu karibu na mdomo wa mgonjwa chembe ni nyingi zaidi. Lakini ndani ya chumba kilichofungwa hauwezi kusimama peke yake. Mtu akivuta sigara kona moja, baada ya dakika chache aliyeko kona ya pili anaisikia harufu. Chembe za pumzi husambaa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba hazina harufu ya kukushtua.

Mbona mwaka 2020 tuliambiwa korona haiko hewani, kisha tukaambiwa iko?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo ina haki yake. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza waziwazi kwamba UVIKO-19 hauenei kwa njia ya hewa. Baadaye, ushahidi ulipojaa, likabadili kauli, na mwaka 2024 likatoa istilahi mpya zinazoacha ule mgawanyo mkali kati ya "matone" na "hewa".

Mzizi wa mkanganyiko ni wa zamani. Miaka ya 1930 mhandisi William Wells alionyesha kwamba tone dogo hukauka kabla halijafika chini, kikabaki kiini kinachoelea. Mpaka kati ya kinachoanguka na kinachoelea ulikuwa karibu na mikroni 100. Vitabu vya mafunzo vikaja kuweka mikroni 5, na vizazi vya wahudumu vikakariri hivyo. Kwa hiyo muuguzi anayesema "nilifundishwa vingine" mara nyingi anasema kweli, na mkufunzi asimcheke.

Mgonjwa gani ni wa hatari zaidi kwangu?

Yule ambaye hakuna aliyemshuku. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyekwisha kuanzishiwa dawa zinazomfaa uambukizaji wake hushuka haraka, lakini ndiye wote wanamwogopa kwa sababu faili lake lina maandishi. Aliyelazwa kwa mguu uliovunjika, anakohoa wiki ya nne bila mtu kumuuliza, huyo anahudumiwa bila tahadhari yoyote. Katika majaribio ya Richard Riley na wenzake huko Baltimore, kati ya miaka ya 1950 na 1960, hewa ya wodi ya kifua kikuu ilipelekwa kwa simbilisi waliofungiwa juu ya wodi. Maambukizi mengi yalitoka kwa wagonjwa wachache, hasa wenye usugu wa dawa ambao matibabu waliyopewa hayakuwa yanawafaa.

Mfano wa kuumiza zaidi ni Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Ripoti ya mwaka 2006 ilieleza wagonjwa 53 wenye kifua kikuu sugu kupindukia, na 52 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wamewahi kulazwa hospitalini kwa sababu nyingine kabla ya hapo, na wahudumu wa afya walikuwemo miongoni mwa waliougua.

## Kujua na kufuata

Je, wahudumu wa afya wanaelewa vya kutosha?

Kwa jumla wanaelewa ugonjwa kuliko wanavyoelewa hewa. Muulize mhudumu dalili za kifua kikuu, atazitaja bila kusita. Muulize hewa ya chumba chake inaingilia wapi na kutokea wapi, utaona anaangalia ukuta. Makosa yanayojirudia ni haya: kudhani barakoa ya upasuaji inafanya kazi sawa na N95 (ile inayochuja chembe ndogo na kushika uso pande zote), kudhani kiyoyozi kinasafisha hewa, kudhani kifua kikuu huambukizwa kwa vyombo vya chakula, na kudhani barakoa ndiyo kinga ya kwanza wakati katika mpangilio unaokubalika ni ya tatu. Ya kwanza ni mpangilio wa kazi: kumtambua mgonjwa mapema, kumtenga, kumtibu. Ya pili ni hewa ya chumba. Barakoa inakuja kuziba pengo lililobaki.

Wasafishaji, walinzi na watu wa mapokezi huachwa nje ya mafunzo karibu kila mahali, na hao wa mapokezi ndio wanaokoholewa usoni wa kwanza.

Kwa nini mtu anayejua hafuati?

Kwa sababu kujua si kikwazo chake. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha jambo moja: alama za ujuzi huwa juu, za utendaji huwa chini. Ukiwasikiliza wenyewe, sababu ni za kawaida kabisa. Barakoa zimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo hayuko zamu ya usiku. N95 inabana, inatoa joto, na mgonjwa mzee hasikii unachosema. Mhudumu mmoja ana wagonjwa wengi, na kuvaa na kuvua kwa kila mmoja ni muda ambao hana. Wengine hawataki mgonjwa ajihisi ananyanyapaliwa. Wengine wamekaa miaka mingi kazini bila kuugua na wanaona wamezoea (hilo la mazoea lina jibu lake chini, kwenye swali la BCG, chanjo ya kifua kikuu).

Halafu kuna sababu isiyoandikwa kwenye dodoso: wakubwa. Daktari bingwa akiingia wodini barakoa ikiwa imening'inia kidevuni, wanafunzi nyuma yake watazishusha barakoa zao kabla hawajafika kitanda cha pili. Hakuna bango ukutani linaloshindana na hilo.

Dodoso letu linaonyesha karibu wote wanafuata miongozo. Tuliamini?

Liamini kama kipimo cha watu wanachojua wanapaswa kujibu. Mtu akiulizwa "huwa unavaa N95?" hujibu kwa nia yake, si kwa zamu ya jana. Anayechunguza kwa macho hukuta kiwango cha chini zaidi, na hata hicho hupanda kidogo kwa kuwa watu wanajua wanatazamwa.

Njia nzuri zaidi ni kuhesabu vitu badala ya maneno. Siku ngapi zilipita kati ya mgonjwa kulazwa na sampuli yake ya makohozi kuchukuliwa? N95 ngapi zilitoka stoo mwezi huu, ukilinganisha na wagonjwa waliotengwa? Madirisha mangapi yalikuwa wazi saa nane usiku? Majibu haya hayapendezi kwenye ripoti, lakini ndiyo yanayoonyesha pa kurekebisha.

Kwa hiyo mafunzo zaidi yatamaliza tatizo?

Hapana. Semina ya siku tatu humfundisha mtu ambaye tatizo lake ni ufunguo wa kabati. Mafunzo yana nafasi yake kwa waajiriwa wapya, kwa makundi yaliyosahaulika, na kwa kazi za mikono kama kuvaa barakoa sawasawa. Zaidi ya hapo, badilisha mazingira: sogeza boksi la barakoa liwe mlangoni, mpe msimamizi wa zamu mamlaka ya kumhamisha mgonjwa bila kusubiri asubuhi, na uwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye jukumu hili. Kamati isiyokutana haihesabiki.

## Barakoa

N95 na barakoa ya upasuaji zina tofauti gani?

Barakoa ya upasuaji iliundwa kuzuia mate ya aliyeivaa yasimfikie mgonjwa. Pembeni ina mianya, na unapovuta pumzi hewa hupita huko kwenye wepesi. N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe za mikroni 0.3 na imeundwa kushika uso pande zote. FFP2 ya kiwango cha Ulaya huchuja angalau asilimia 94, na kwa kazi ya wodini zinahesabiwa sawa. Uchujaji huo wote haumfai mtu ambaye barakoa yake inavuja pembeni. Barakoa ya kitambaa haina nafasi katika kumkinga mhudumu.

Nitajuaje kama N95 yangu imekaa sawa?

Kuna vipimo viwili na watu huvichanganya. Cha kwanza hufanywa na mtaalamu, mara moja kwa mwaka katika sehemu nyingi zenye utaratibu huo. Unavaa barakoa, unafunikwa kichwa kwa kofia maalumu, kisha unapulizwa mvuke wenye ladha tamu au chungu huku ukigeuza kichwa, ukiinama na kuongea. Ukiisikia ladha, aina au saizi hiyo si yako. Sura hazifanani, na barakoa inayomkaa vizuri mwenzako inaweza kukuvujia wewe.

Cha pili unakifanya mwenyewe kila unapovaa. Mkanda wa juu ukae utosini, wa chini ukae shingoni chini ya masikio; mikanda yote miwili ikipandishwa juu, sehemu ya kidevu inalegea. Bana kile kipande cha chuma juu ya pua kwa vidole vya mikono miwili, kwa sababu ukikibana kwa mkono mmoja kinavunjika katikati na kuacha mwanya. Sasa funika barakoa kwa viganja bila kuisukuma, toa pumzi kwa nguvu. Ukisikia upepo kwenye kona za macho, rekebisha pua. Ukiusikia shavuni, rekebisha mikanda. Vuta pumzi: inapaswa kunyonywa kidogo kuelekea usoni. Yote haya ni kama sekunde 20.

Nina ndevu. Nifanye nini?

Ndevu zinazopita kwenye mstari ambapo barakoa inagusa ngozi huvunja mshiko wake, hata kama ni za siku mbili tatu. Masharubu mafupi yanayobaki ndani ya barakoa hayana shida. Kwa wanaofuga ndevu kwa sababu ya imani, kipumulio chenye feni na kofia pana kinafaa kwa sababu hakitegemei kushika ngozi. Pasipo nacho, mpangieni mtu huyo kazi nyingine, na asilazimishwe kuchagua mbele ya wenzake.

Naweza kuitumia N95 moja zaidi ya mara moja?

Zilitengenezwa kwa matumizi ya muda mfupi, lakini kwa kifua kikuu huvaliwa tena na mtu yule yule pale zinapokuwa haba. Ihifadhi kwenye mfuko wa karatasi wenye jina lako, si wa plastiki unaohifadhi unyevu, wala mfukoni mwa koti. Itupe ikilowa, ikichafuka, ikikunjika, mikanda ikilegea, au ikishindwa kile kipimo cha viganja. Usiioshe na usiipulizie dawa. Kemikali zinaweza kuharibu uwezo wake wa kuchuja.

Mgonjwa naye avae N95?

Hapana. Anayekohoa hupumua kwa shida ndani ya N95, na barakoa ya mgonjwa kazi yake ni kuzuia kinachotoka. Barakoa ya upasuaji inamtosha. Katika utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2012, wagonjwa wenye kifua kikuu sugu walipovaa barakoa za upasuaji, hatari ya simbilisi kuambukizwa kwa hewa ya wodi ilipungua kwa asilimia 56. Ni nyingi, lakini bado karibu nusu ya hatari ilibaki, ndiyo maana wewe unavaa yako.

## Hewa ya chumba

Kufungua madirisha ni kinga kweli, au ni maneno ya wasio na vifaa?

Ni kinga kweli. Watafiti waliopima vyumba 70 katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapisha mwaka 2007, walikuta madirisha na milango ikifunguliwa hewa hubadilika kwa wastani wa mara 28 kwa saa. Vyumba vya mitambo vinavyotakiwa kwa wagonjwa wa kutengwa hulenga mara 12. Na lililowashangaza wengi: majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyapita yale mapya, mara 40 dhidi ya 17. Tumejenga hospitali nzuri kwa macho, tukapunguza madirisha.

Udhaifu wake ni kutegemea upepo na binadamu. Dirisha hufungwa kwa baridi, kwa mbu, kwa wezi, na hufungwa usiku. Wavu wa mbu na nondo vinagharimu kidogo kuliko mtambo wowote, basi anzeni hapo. Dirisha la upande mmoja tu halitoshi. Hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea.

Kiyoyozi na feni zinasaidia?

Kiyoyozi cha ukutani huzungusha hewa ile ile ikiwa imepoa. Mbaya zaidi, kikiwashwa watu hufunga madirisha. Feni husaidia ikielekezwa vizuri: hewa itoke upande wa mhudumu, impite mgonjwa, itoke dirishani. Kiti cha daktari kikiwa kati ya mgonjwa na dirisha, feni inamsukumia daktari pumzi ya mgonjwa. Geuzeni meza. Haihitaji bajeti.

Mgonjwa ametoka. Nisubiri muda gani kabla ya kuingia bila N95?

Inategemea hewa inabadilika mara ngapi. Kwa mara 12 kwa saa, asilimia 99 ya chembe huondoka kwa takriban dakika 23. Kwa mara 6, ni dakika 46. Kwa mara 2, kama chumba kilichofungwa hivi, ni zaidi ya saa mbili. Kama hujui, fungua kila kinachofunguka na hesabu kwa kiwango kibaya zaidi. Msafishaji anayeingia mara tu mgonjwa anapotoka anahitaji N95 sawa na muuguzi.

Nitajuaje kama chumba cha kutenga kinavuta hewa ndani?

Funga mlango, shika kipande cha karatasi laini karibu na mwanya wa chini ukiwa nje. Kikivutwa kuelekea ndani, vizuri. Kikisukumwa nje, chumba hicho kinapeleka hewa ya mgonjwa koridoni, na haijalishi kibao cha mlangoni kimeandikwa nini. Rudia kila siku chumba kinapokuwa na mgonjwa.

Taa za UV, yaani za mionzi ya urujuanimno inayoua vimelea, zinafaa?

Zinazowekwa juu karibu na dari, ndiyo, ikiwa hewa inazungushwa ifike juu na mtu anazitunza. Katika majaribio ya Riley yaliyotajwa juu, simbilisi waliopewa hewa iliyopitishwa kwenye mionzi hawakuambukizwa. Taa iliyojaa vumbi huwaka bila kuua chochote, na hutaijua kwa kuitazama. Wala usiitazame, inaumiza macho.

## Hali zenye utata

Nilichanjwa BCG na nina miaka 20 kazini. Bado niogope?

BCG huwakinga watoto dhidi ya aina kali za kifua kikuu. Kwa mtu mzima haiwezi kutegemewa dhidi ya kile cha mapafu. Miaka 20 bila kuugua haimaanishi hujaambukizwa, kwani bakteria anaweza kulala mwilini miaka mingi na kuamka kinga ikishuka. Anayekohoa wiki mbili apimwe, naye akiwa mhudumu asijitibu kwa dawa za kikohozi alizojichukulia dirishani.

Naishi na VVU, au ni mjamzito. Nikatae wodi ya kifua kikuu?

Una haki ya kuomba kupangiwa kwingine, bila kueleza sababu mbele ya watu. VVU huongeza sana uwezekano wa maambukizi yaliyolala kugeuka ugonjwa, na dawa za kinga zipo. Kwa mjamzito, hofu kubwa ni surua na tetekuwanga kama hana kinga. Anayepanga zamu aifanye siri hii iwe rahisi kutunzwa.

Mgonjwa anazidiwa na N95 hakuna hata moja. Nimwache?

Hakuna mwongozo utakaokuondolea uzito wa swali hili. Lakini kati ya kuingia na kumwacha kuna mengi. Mvalishe mgonjwa barakoa ya upasuaji, fungua madirisha yote, toa ndugu wasiohitajika, ingieni wachache, na msikae zaidi ya inavyohitajika. Ikiwezekana mtoeni nje au kwenye baraza. Makohozi yachukuliwe nje kila mara, kamwe si chooni. Kinachobaki ni kuingiza kifaa cha hewa kooni au kufyonza makohozi, kazi zinazokuweka uso kwa uso na pumzi yake. Hizo afanye mwenye uzoefu, kwa mara moja. Kisha andika kwamba vifaa havikuwepo, tarehe na saa. Upungufu usioandikwa hauingii kwenye oda inayofuata.

Tumegundua mgonjwa ana kifua kikuu baada ya kukaa wodi ya kawaida wiki nzima. Tufanye nini?

Mtengeni na muanze matibabu siku hiyo hiyo. Kisha tengenezeni orodha ya waliokaa naye chumba kimoja. Wahudumu waulizwe dalili mara moja, na pale kipimo cha maambukizi yaliyolala kinapopatikana, hurudiwa wiki 8 hadi 10 baada ya mara ya mwisho kukutana naye, kwa kuwa mapema mno hutoa jibu la uongo.

Ingekuwa surua, saa zinahesabika: chanjo ndani ya saa 72 kwa asiye na kinga, na mhudumu huyo akae nyumbani kuanzia siku ya 5 tangu alipokutana na mgonjwa mara ya kwanza hadi siku ya 21 baada ya mara ya mwisho. Katika hali zote mbili, orodha isichukuliwe kwenye ratiba ya zamu pekee. Ratiba haina jina la mwanafunzi aliyekuja siku moja, la aliyesukuma kiti kumpeleka picha ya kifua, wala la ndugu aliyelala chini ya kitanda cha jirani.